Kroisansi inapimwa kwa kopo gani?

Wandugu, jioni moja mwaka 2023 radio ilitangaza kwamba mwaka 2022 uchumi wa Kongo ulikua karibu 9 kwa mia. Mama alikuwa ametoka kuuza ndagala sokoni. Akaniuliza: "Hiyo kroisansi inapimwa kwa kopo gani?" Mimi niko na lisansi ya agronomia, lakini nilikosa jibu. Ndiyo nikaanza kutafuta.

Kopo la kwanza huku kwetu lilikuwa kilo ya pamba. Tangu 1917 sheria ya Wabelgiji ililazimisha wanakijiji kulima mazao ya biashara, na bonde la Ruzizi likawa shamba la pamba. Aliyekataa alifungwa. Kisha ukaja mpango wa miaka kumi, 1949 mpaka 1959. Maendeleo yalielezwa kwa tani na kwa kilomita za barabara. Kilichobaki katika chungu cha mkulima hakikuwa habari.

Kopo la leo, pato la taifa, lina baba yake: Simon Kuznets. Mwaka 1934 alipeleka hesabu ya pato la Marekani mbele ya Bunge lao, na humo humo akaonya kwamba hali njema ya watu haiwezi kujulikana kwa namba hiyo. Namba ilisafiri dunia nzima. Onyo lilibaki nyuma.

Tuangalie sasa. Ile 9 kwa mia ilitoka zaidi katika migodi ya shaba na kobalti, huko Lualaba na Haut-Katanga. Radio haikudanganya. Ilisema tu "Kongo imekua", na sisi wa Uvira tukajihesabu ndani. Hapa kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilicholisha familia nyingi, kilisimama na vita ya 1996. Mihogo tunayolima na kula wenyewe inakadiriwa tu mezani.

Kuna jambo lingine lilinishangaza. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba na watu. Katika hesabu ya pato, nyumba iliyoanguka haiondolewi. Lakini saruji tuliyonunua kujenga upya, kama ni ya hapa nchini, inaongezwa. Yaani msiba wetu unaweza kusomwa kama maendeleo!

Sisemi kroisansi ni uongo. Bila kodi ya shaba, Leta italipa walimu na nini? Ila sisi tuliosoma tusirudishe habari hivi hivi kama kasuku. Ukisikia asilimia, uliza: imekua wapi? Imekua katika kazi gani? Nani amepata mshahara juu yake?

Nilimweleza Mama yote hayo. Akasema: "Basi mtafute na kopo la kwetu." Mimi nimeanza: kila Jumamosi naandika katika daftari bei ya mchele, ya unga na ya ndagala. Nani anaandika ya Kiliba, Sange, Luvungi?