Panya Waliodumaa wa Ohio
Pegvisomant, dawa ya akromegali (ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi) iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, husifiwa kama tunda la usanifu wa makusudi. Naona sifa hiyo inawapunja panya. Mwaka 1990 kundi la John Kopchick, Chuo Kikuu cha Ohio, lilieleza panya waliopewa jeni ya homoni ya ukuaji ya ng'ombe iliyobadilishwa asidi-amino chache: badala ya kuwa majitu, walidumaa. Baadaye ikabainika kuwa glisini ya 119 ndiyo kiini. Ikibadilishwa, protini hushika kipokezi bila kuamsha ishara. Atakayepinga atataja picha ya homoni moja iliyoshikwa na vipokezi viwili. Ni kweli ilieleza mengi, lakini ilichapishwa 1992, panya wakiwa wameshatoa jibu. Usanifu ulifuata: mabadiliko zaidi ya kuimarisha mshiko, na polima za kuidumisha dawa mwilini.