Gesi Haionekani: Kutoka Taa ya Mgodini hadi Kigunduzi cha Ukutani

Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, ulilipuka na kuua watu 92, wakubwa kwa watoto. Gesi ya methani ilikuwa imekutana na moto chini ya ardhi. Mwaka 1815 mwanakemia Humphry Davy aliuzungushia mwali wa taa ya mchimbaji wavu wa waya wenye matundu madogo sana. Waya ulifyonza joto, moto ukashindwa kutoka nje, na gesi iliyopenya ndani ikajionyesha yenyewe: mwali ulirefuka ukavaa utando wa samawati. Penye upungufu wa oksijeni ulififia, kisha ukazimika. Kwa maoni yangu, taa hiyo iliyokusudiwa kumulika ndiyo iliyokuwa kigunduzi cha kwanza cha gesi kuenea kazini.

Mtu angetegemea vifo vipungue. Havikupungua kama ilivyotarajiwa. Wenye migodi, kwa kuiamini taa, waliwapeleka watu kwenye matabaka yenye gesi ambayo zamani yaliogopwa, na kazi ya kuingiza hewa safi ikalegea. Kosa hili limejirudia kila zama. Chombo kipya hupokewa kama ruhusa ya kusogelea hatari, na maswali mawili huachwa bila jibu: kinawekwa wapi, na nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi kinapoonya?

Mwaka 1896, baada ya mlipuko wa Tylorstown huko Wales, mwanafiziolojia John Scott Haldane alichunguza maiti na kubaini kwamba wengi walikuwa wameuawa na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na si kwa moto au kishindo. Haldane aliivuta gesi hiyo mwenyewe maabarani ili aandike jinsi inavyomlegeza mtu. Ili gesi itambuliwe mapema, alipendekeza watumiwe viumbe wadogo ambao miili yao huenda mbio kuliko yetu, hivyo hulemewa mapema. Ndege wa kanari wakashuka migodini, na Uingereza haikuwaondoa hadi miaka ya 1980. Vizimba vingine vilifungwa mtungi mdogo wa oksijeni ili ndege aliyeanguka azinduke. Huo ulikuwa utu wa kweli, lakini bado kiumbe hai ndiye aliyetangulia kuumia.

Karne ya ishirini ilileta vipimo vya umeme. Katika miaka ya 1920 Oliver Johnson wa Marekani alitengeneza kifaa kinachopima joto la gesi inapoungua juu ya waya wa platini. Miaka ya 1960 Naoyoshi Taguchi wa Japani alitumia oksidi ya bati, ambayo upitishaji wake wa umeme hubadilika gesi inapoigusa. Baadaye zikaja seli za kikemikali zinazopima sumu kwa sehemu chache katika milioni.

Hata hivyo, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, katika kiwanda cha viuatilifu cha Bhopal, India, wafanyakazi waligundua uvujaji wa methili isosayanati kwa macho yao kuwasha. Takribani tani 40 za sumu zilitoka, na maelfu wakafa. Teknolojia ya kugundua gesi ilikuwepo duniani. Pale, jicho la kibarua ndilo lililokuwa king'ora.

Ndiyo maana nasisitiza ufungaji wa vigunduzi, tena mahali panapofaa. Haidrojeni salfaidi, inayopatikana kwenye chemba za maji taka na kwenye visima vya mvuke kama vya Olkaria nchini Kenya, ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kigunduzi chake hukaa karibu na sakafu. Harufu yake ya yai viza haifai kutegemewa: inapofika kama sehemu 100 katika milioni, pua hufa ganzi. Wakazi wa Goma, Kongo, wanajua tabia ya gesi nzito, maana mazuku, yaani kaboni dayoksaidi ya volkano, hujikusanya mabondeni na kuua watu na mifugo. Methani hupanda, hivyo husubiriwa darini. Kaboni monoksaidi ina uzito unaokaribia wa hewa. Kifaa chake huwekwa kwenye usawa wa pua. Amonia ni nyepesi, ila ikivuja kutoka kwenye mitambo ya baridi ya kiwanda cha samaki hutoka na ubaridi mkali na kutambaa chini kama ukungu. Fundi anayefuata jedwali la uzito peke yake atakosea hapo. Lazima aangalie feni, milango na upande inakoelekea hewa, kwani kigunduzi kilichofungwa mbele ya dirisha wazi kitapima upepo wa nje.

Fundi naye anastahili kulindwa. Kabla ya kutoboa ukuta wa chumba chenye uwezekano wa gesi inayowaka, hewa hupimwa, mtambo hukatiwa umeme na kufungwa kufuli, na kibali cha kazi husainiwa. Kwenye shimo haingii mtu bila mwenzake kusimama nje, na huyo wa nje haruki kumfuata aliyezimia. Kuruka huko ndiko kunakofanya familia moja ipoteze watu watatu katika chemba moja. King'ora nacho kisikike na taa yake ionekane mlangoni, kabla mtu hajaingia.

Kisha kuna kazi ya kila siku isiyopigiwa makofi: kukipulizia kifaa gesi ya majaribio kuona kama kinalia, na kukirekebisha kwa kipimo kinachojulikana. Mvuke wa silikoni unaweza kuua kihisio cha kuunguza gesi huku kioo kikionyesha sifuri. Sifuri hiyo humdanganya kila anayepita.

Lile swali la mamlaka limeanza kujibiwa kisheria. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari ya wazi dhidi ya kuadhibiwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumrudisha mtu mahali alipotoa taarifa ya hatari kubwa kabla mwajiri hajaiondoa hatari hiyo. Vifungu hivyo vinafaa kubandikwa ukutani, kando ya kigunduzi, kwa Kiswahili.