Si "sista", ni daktari: wanawake na uongozi katika tiba

Jumamosi moja nilimpeleka mpwa wangu kwenye kliniki iliyo karibu na kwetu Huruma, hapa Nairobi. Alikuwa na homa ya siku tatu. Mwanamke mwenye koti jeupe alipotupita kwenye benchi nikamsimamisha: "Sista, daktari anaingia saa ngapi?" Akatabasamu kidogo. "Daktari ni mimi, mzee. Karibuni ndani."

Mpwa wangu yuko gredi ya 9. Anataka kuchagua mkondo wa sayansi ili baadaye asomee udaktari. Nyanyake, yaani mama yangu aliyeko Likoni, hataki kusikia: mtoto wa kike atazeekea darasani, heri awe muuguzi. Tukiwa njiani kurudi nyumbani binti akaniuliza, "Mjomba, ikiwa wewe uliyesoma unamwita daktari sista, mimi nitakuja kuitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilipolitafuta nikaona ni vyema niliweke hapa, maana najua mjadala kama huu uko katika nyumba nyingi za Pwani.

Tuanze na hesabu. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti kuhusu jinsia na kazi za afya. Ilionyesha kwamba wanawake ni kama asilimia 70 ya wahudumu wa afya duniani, lakini katika nyadhifa za juu wana asilimia 25 tu. Kwa lugha nyepesi, kati ya kila wahudumu kumi, saba ni wanawake; kati ya wakubwa wanne, mwanamke ni mmoja.

Si kwamba wanawake wameanza udaktari jana. Josephine Nambooze wa Uganda alihitimu Makerere mwaka wa 1959, na anatajwa kuwa daktari wa kwanza mwanamke Mwafrika katika Afrika Mashariki. Tanzania ilimpata Esther Mwaikambo, bingwa wa magonjwa ya watoto, ambaye mwaka wa 1987 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa MEWATA, chama cha madaktari wanawake nchini humo. Baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, Dar es Salaam.

Hapa Kenya, Chama cha Madaktari, KMA, kilianzishwa mwaka wa 1968. Mwanamke wa kwanza kukiongoza, Dkt. Jacqueline Kitulu, alichukua usukani mwaka wa 2016, karibu nusu karne baadaye. Mwaka wa 2024 alichaguliwa rais mteule wa Chama cha Madaktari Duniani. Naye Dkt. Eva Njenga, bingwa wa maradhi ya kisukari, ameliongoza baraza linalosajili na kusimamia madaktari na hospitali nchini.

Msomaji atasema: mbona Wizara ya Afya imeongozwa na akina mama mara nyingi? Ni kweli. Tumewaona Charity Ngilu, Beth Mugo, Sicily Kariuki na Susan Nakhumicha. Lakini hao hawakuwa madaktari. Dkt. Deborah Barasa, ambaye ni daktari, aliingia Agosti 2024 na kufikia Machi 2025 alikuwa amehamishiwa Wizara ya Mazingira. Uganda, kwa upande wao, walimteua Dkt. Jane Ruth Aceng, daktari wa watoto, kuwa waziri mwaka wa 2016, naye akadumu kwa miaka mingi.

Je, ina faida gani? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfano mzuri naukuta mlangoni kwangu. Kwenye ploti yetu ya ghorofa sita, kuna mama wa mtaa anayepanda ngazi na begi lake la kazi. Anapima watoto uzani, anawapima wazee presha, anawahimiza wajawazito waende kliniki mapema. Ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja kati ya takriban 100,000 waliokabidhiwa vifaa na serikali kuanzia Septemba 2023.

Wazo hilo lina historia ndefu, na mmoja wa waliolisukuma kwa muda mrefu zaidi ni Profesa Miriam Were. Alikuwa mwalimu kabla ya kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, alikohitimu mwaka wa 1973. Katika miaka hiyo ya sabini alifanya kazi na wanavijiji wa Kakamega wenyewe: vyoo, maji safi, chanjo, afya ya mama na mtoto. Baadaye aliongoza bodi ya AMREF na baraza la taifa la kudhibiti UKIMWI, na mwaka wa 2008 Japani ikamtunuku Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi. Alishikilia kwamba afya huanzia nyumbani kwa mtu, wala si kitandani hospitalini. Mkakati wa afya ya jamii ulipozinduliwa nchini mwaka wa 2006, msingi wake ulikuwa huohuo.

Basi kikwazo kiko wapi? Kwanza ni muda. Shahada ya udaktari huchukua miaka sita, kisha mwaka wa mafunzo kazini, halafu miaka kadhaa ya ubingwa. Hiyo ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Sheria ya ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye malipo, lakini anaporudi zamu za usiku zinamngoja, na vikao vya kugawana vyeo hufanywa jioni akiwa anakimbilia mtoto. Pili ni mazoea, kama haya yangu ya kumwita kila mwanamke hospitalini "sista".

Ndugu zangu wa Pwani, tangu mwaka wa 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti. Waziri wa afya wa kaunti, maafisa wakuu na bodi za hospitali huteuliwa Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, si Nairobi. Katiba, kifungu cha 27, inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika nafasi za kuteuliwa. Mkiitwa kwenye baraza la kutoa maoni, ulizeni: katika bodi ya hospitali yetu kuna madaktari wanawake wangapi?

Nimempigia mama simu Likoni. Hajakubali, ila ameniomba nimsomee tena habari za yule mwalimu aliyegeuka daktari. Tuliporudi kliniki kwa matokeo ya vipimo, binti alinitangulia mlangoni. "Shikamoo, daktari," akasema. Nami nikafuata nyuma, nikamwita vivyo hivyo.