Su Shi Kizimbani: Shairi kama Ushahidi

Mwaka wa 1079 Su Shi, gavana wa Huzhou, alitiwa mbaroni na kupelekwa Kaifeng, mji mkuu wa China enzi za nasaba ya Song. Hakushtakiwa kwa wizi wala uasi wa silaha. Kielelezo kikuu cha mashtaka kilikuwa mashairi yake yaliyokwisha kupigwa chapa.

Su Shi, mzaliwa wa Meishan katika Sichuan (1037), alifuzu mtihani mkuu wa utumishi wa serikali mwaka wa 1057. Kuanzia 1069 waziri Wang Anshi alianzisha mageuzi yaliyohusu mikopo ya wakulima na kodi. Udhibiti wa biashara ya chumvi nao ukakazwa. Su Shi aliyapinga waziwazi, kisha akahamia mikoani. Huko Hangzhou, kati ya 1071 na 1074, aliwaona walioumizwa na sera hizo, akawatungia mashairi. Katika mojawapo, mzee wa milimani anakula machipukizi ya mianzi bila chumvi kwa miezi mitatu. Msomi yeyote wa zama hizo angekumbuka kisa cha Confucius, aliyesahau ladha ya nyama kwa miezi mitatu baada ya kusikia muziki mzuri. Dhihaka imejificha katika dokezo hilo.

Aghalabu washtaki wake, wakiwemo Li Ding na Shu Dan, huchukuliwa kuwa watu wasioelewa fasihi. La hasha! Walisoma kwa makini mno, na Su Shi mwenyewe alikiri kwamba alikusudia kuikejeli sheria ya chumvi. Walipopotoka ni pale walipodai kuwa kuikosoa sera ni kumtukana mfalme, ilhali mapokeo ya kale ya Kichina yalimruhusu mshairi kumwonya mtawala kwa mafumbo. Ajabu ni kwamba kumbukumbu za mahojiano hayo zimesalia, na wahakiki hadi leo huzitegemea kufasiri madokezo yake. Ni ufafanuzi wa mtunzi, naam, lakini uliotolewa gerezani na mtu aliyehofia kuuawa.

Aliachiliwa mwishoni mwa mwaka huo, akahamishiwa Huangzhou akiwa na cheo kisicho na mamlaka. Alilima shamba kwenye mteremko wa mashariki, ndiko lilikotoka jina lake la Dongpo. Mwaka wa 1082 aliandika tungo zake mbili mashuhuri kuhusu Jabali Jekundu. Aliponakili ule wa kwanza kwa ajili ya rafiki, alimsihi aufiche.