Nani wa Zamu Mnyama Anapokufa?

Tarehe 20 Novemba 1835 jua lilipatwa, na siku hiyohiyo kundi la Zwangendaba likavuka mto Zambezi kuelekea kaskazini, watu na mifugo yao. Kutokana na safari ile ndefu ndipo wakapatikana Wangoni wa Songea, ambao katika nchi yao leo ipo Peramiho, na jirani yake Maposeni. Kwa jamii za asili ya Kinguni, Wangoni wakiwemo, ng'ombe hakuhesabiwa kichwa tu. Alijulikana kwa rangi, kwa mabaka, kwa namna pembe zilivyokaa, na akasifiwa kwa hayo. Kifo chake nacho kilikuwa na mpango: alichinjwa kwa jambo, likiwa harusi, msiba au tambiko. Kulikuwa na mwenye kisu, wagawaji wa nyama, na wazee waliojua kwa nini imekuwa leo na si jana.

Mbwa hakuwa na mpango huo. Alilinda nyumba, akafuata wawindaji, akafukuza ngedere na nguruwe pori kwenye mahindi, lakini siku miguu ya nyuma ilipogoma hapakuwa na sherehe wala mtaalamu. Alijikunyata nyuma ya jiko, akatupiwa ugali akiweza kula, na mwishowe kijana mmoja akatumwa na jembe. Ni rahisi kusema watu hawakujali. Ukisoma historia ya wanyama wa Afrika Mashariki unaona jingine: mapenzi yalikuwepo siku zote, ila hakuwekwa mtu wa zamu.

Utaalamu wenyewe ulikuja kwa sababu nyingine kabisa. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, sehemu nyingine ikiondoka na tisa katika kila kumi. Serikali za kikoloni, ya Mjerumani kisha ya Mwingereza, zilijenga huduma za mifugo zikiwa na hofu ya maradhi ya namna hiyo. Bwana mifugo alihesabu vichwa, akachanja, akaweka karantini. Kazi hiyo ilizaa matunda makubwa: chanjo ya sotoka iliyokamilishwa na Walter Plowright huko Muguga, Kenya, ndiyo iliyofungua njia hadi ugonjwa ukatangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Lakini katika daftari la bwana mifugo hapakuwa na safu ya mnyama mmoja mzee anayekufa kwa uzee. Mbwa aliingia humo kwa jina la kichaa tu, na dawa ya serikali ikawa risasi au nyama yenye sumu.

Baadhi ya wanyama waliopewa mwangalizi hadi pumzi ya mwisho walikuwa wenye majina makubwa. Simba jike Elsa, aliyelelewa na Joy na George Adamson huko Kenya, alikufa Januari 1961 akiwa hajatimiza miaka mitano, kwa ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe. George alikuwa naye usiku wa mwisho, na kaburi lake liko Meru hadi leo. Miaka michache baadaye tembo Ahmed wa Marsabit alipewa kinga kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta ya mwaka 1970. Askari wenye silaha walimfuata mchana na usiku, wasimsumbue ila wasimwache peke yake na majangili. Alikufa mwenyewe mwaka 1974, akikadiriwa kuwa na miaka 55, na sanamu yake imesimama katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Mzee wa aina yake kulindwa na dola mpaka afe kwa wakati wake! Si binadamu wengi waliopata heshima hiyo.

Lamu jambo lilichukua sura ya kawaida zaidi. Mji ule umebebwa na punda tangu zamani: mchanga, mawe ya matumbawe, magunia, maji. Mwaka 1987 Elisabeth Svendsen, Mwingereza aliyeanzisha hifadhi ya punda huko Devon, alifungua zahanati ya punda kisiwani humo, matibabu yakawa bure. Tofauti na Elsa, punda hawa hawakuwa maarufu. Walikuwa wafanyakazi, na sasa mnyama mchovu wa mtu wa kawaida alikuwa na mlango wa kugonga.

Lakini kisa kinachowagusa zaidi watu wa Ruvuma, mkoa ilipo Songea, kinaanzia Morogoro. Mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji na Bart Weetjens, lilihamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya alisikia mlio mdogo, akapata kipande cha ndizi. Polepole akajua kwamba harufu ya baruti ndiyo inayoleta ndizi. Akiinusa, anakwaruza udongo. Uzito wake hautoshi kulipua bomu. Kazi ya kwanza kubwa ikawa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, ambako vita ya ukombozi na ile ya wenyewe kwa wenyewe iliyofuata ziliacha ardhi isiyolimika. Wakati wa vita Songea ilipokea wakimbizi kutoka huko na kuwapa makazi Muhukuru, kwa hiyo watu wa wilaya hiyo hawakuhitaji kuelezwa bomu la ardhini ni kitu gani. Msumbiji ilitangazwa kuwa huru na mabomu hayo Septemba 2015.

Maarufu kuliko wote ni Magawa. Alizaliwa Morogoro Novemba 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016. Kiwanja cha ukubwa wa uwanja wa tenisi alikimaliza kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma angeweza kuifanya kwa siku nne. Aligundua mabomu ya ardhini 71 na vilipuzi vingine 38. Septemba 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimvisha nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kupata tuzo ya shirika hilo. Juni 2021 akastaafu, na hata hapo hakutupwa: kwa wiki kadhaa alibaki karibu na panya wapya waliotoka Tanzania ili wazoee mazingira.

Namna alivyokufa imeelezwa kwa ufupi na waliomtunza, na maelezo hayo yana thamani kwa sababu hayana urembo. Karibu wiki nzima alicheza kama kawaida. Ilipokaribia mwisho wa wiki alianza kuwa mzito, akilala zaidi mchana, na chakula hakikumvutia tena. Januari 2022 akafa, akiwa na miaka minane, umri ambao panya buku wachache huupita. Kinachoonekana hapo ni kwamba kuna mtu aliyejua jana alikula kiasi gani, akaona leo amepunguza. Utunzaji wenyewe ndio huo, kabla ya dawa yoyote.

Faru Sudan wa hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, dume la mwisho la faru weupe wa kaskazini, alihitaji zaidi ya kuangaliwa. Akiwa na miaka 45 mifupa na misuli yake ilikuwa imechoka, ngozi ina vidonda, na mguu wa nyuma wa kulia umepata maambukizi. Tarehe 19 Machi 2018 hakuweza tena kusimama. Madaktari wa Ol Pejeta, wa Shirika la Wanyamapori Kenya na wa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové alikotoka walikubaliana kumpa sindano ya kumpumzisha.

Sindano hiyo si ngeni kwa sheria ya Tanzania. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, inataka mnyama anayeuawa asiteswe bila sababu, na mbwa wa Maposeni yumo ndani yake sawa na ng'ombe wa ranchi. Ugumu uko kwenye zamu: ofisa mifugo mmoja, kata nzima, ng'ombe, nguruwe na kuku wa watu, pikipiki ikiwa na mafuta. Mbwa mzee anasubiri mwisho wa foleni.

Kuna hali moja tu ambapo utaratibu unamlazimisha mtu kukaa na mbwa na kumtazama. Nchini Tanzania kichaa cha mbwa kimekadiriwa kuua watu wapatao 1,500 kwa mwaka, kwa hiyo aliyeng'atwa huosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha hukimbilia hospitali kupata chanjo. Mbwa, kama ana mwenyewe na anaonekana mzima, hauawi. Hufungwa siku 10, hupewa maji na chakula, na kila siku huangaliwa kama anakula, kama mate yanamtoka, kama sauti imebadilika. Akipita siku hizo salama, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata, na anafunguliwa. Akifa, kichwa hukatwa na mtaalamu wa mifugo aliyevaa kinga, huwekwa kwenye barafu na kupelekwa maabara ya veterinari, ubongo ukapimwe.