Ncha za Ziwa na Mlima wa Kadutu: Habari za Bukavu

Wapadri wageni wanaofika Bukavu husifu kwanza ncha zile tano za nchi zinazoingia katika ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Sisi twataka kusimulia habari za mbili tu, Muhumba na ile iliyopewa jina la La Botte, maana yake buti, kwa sababu ya umbo lake.

Zamani fasi hizo zilikuwa za Bashi na ng'ombe wao, na wazee husema jina la Bukavu lenyewe lilitoka kwa ng'ombe. Wabelgiji walianzisha kituo chao mwaka 1901, ambacho baadaye kiliitwa Costermansville. Katika mwaka 1928 likaundwa Comité National du Kivu, likapewa uwezo wa kugawia walowezi mashamba yaliyosemekana hayana mwenyewe. Lakini malisho ya ng'ombe yangekosaje mwenyewe?

Walowezi walipenda baridi ya nchi hii, iliyo karibu mita 1,500 juu ya bahari. Walipanda kahawa na kwinini, wakajenga nyumba zao za raha kando ya maji. Waafrika waliwekwa mlimani Kadutu, na katika miaka ya 1950 vilevile Bagira. Boyi, mpishi na mtunza bustani walishuka alfajiri, wakapanda jioni. Usiku hawakuruhusiwa kutembea kwa Wazungu bila karatasi. Waliobaki walilala katika boyeri, chumba kidogo nyuma ya nyumba kubwa. Na wajenzi wa nyumba zile walikuwa nani, kama si watu wa mlimani?

Uhuru ulifika mwaka 1960. Kuanzia Agosti hadi Novemba 1967 mamluki wa Schramme waliushika mji, na Wazungu wengi wakakimbia. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ikatangaza kutwaa mashamba na biashara za wageni. Wakubwa na wafanyabiashara wetu wakaingia katika nyumba za ziwani. Karatasi ya usiku ilikuwa imekwisha. Bei ikashika kazi yake.

Tangu 1994 vita vimesukuma watu wengi mjini, na mashirika ya kigeni yakaja kupanga nyumba za ncha kwa dola. Kadutu imejaa mpaka kwenye miteremko mikali, na mvua kubwa ikinyesha, udongo huporomoka na nyumba pamoja na watu. Chini yao ziwa linaonekana lote, lakini sehemu kubwa ya ufuko wa ncha zile imefungwa na kuta za malupango.