Ile x ndani ya /etc/passwd

Haya wadau, leo tuachane na habari za matoleo mapya, turudi nyuma kidogo. Ukifungua akaunti kwa mstari wa amri kwenye tarakilishi ya Linux, yaani:

groupadd wahariri
useradd -m -c "Msomaji Wetu" -s /bin/bash -G wahariri msomaji

halafu ukachungulia faili ya /etc/passwd, mwishoni utakuta kitu kama hiki:

msomaji:x:1001:1002:Msomaji Wetu:/home/msomaji:/bin/bash

Jina la faili lasema nywila, lakini nywila haimo. Kuna x tu. Hiyo x ina hadithi ya baba na mwanawe.

Unix ilianza mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwongozo wake wa kwanza ulitoka Novemba 1971, na /etc/passwd tayari ilikuwamo. Siku zile nywila zilikaa humo zikiwa wazi, kwa hiyo faili ilibidi ilindwe sana. Ulinzi wa aina hiyo ulikuwa umeshaleta aibu MIT kwenye mfumo wa CTSS miaka ya 1960: faili mbili zilibadilishana nafasi, kila aliyeingia akaonyeshwa nywila za wenzake badala ya tangazo la siku!

Robert Morris wa Bell Labs akaja na dawa: nywila isimbwe kabla ya kuhifadhiwa, kisha faili iachwe wazi kwa wote. Kuachwa wazi kulikuwa na faida, maana hata ls huisoma ili igeuze namba 1001 iwe jina la mtu. Mwaka 1979 Morris na Thompson wakachapisha makala. Walikuwa wamekusanya nywila 3,289 za watumiaji, na 2,831 kati yake, asilimia 86, zilikuwa rahisi kupatikana. Nyingine zilikuwa herufi moja tu. (Msicheke. Nimeona seva ambapo watu watano wanatumia root mmoja, na nywila ni jina la kampuni.)

Makundi nayo yalikuwa na masharti yake. Mtu aliweza kuwa ndani ya kundi moja tu kwa wakati mmoja, na kuhama alitumia newgrp. 4.2BSD ya mwaka 1983 ndiyo iliyoruhusu makundi kadhaa kwa pamoja. Leo unaongeza kundi kwa usermod -aG. Ukisahau ile a, mtumiaji anaondolewa kwenye makundi mengine yote ya ziada, kwa hiyo angalia sana.

Turudi kwa Morris. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo ulisambaa kwenye intaneti na kulemaza maelfu ya tarakilishi. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kusoma /etc/passwd, kisha kubahatisha nywila kwa jina la akaunti, kwa majina yaliyoandikwa kwenye sehemu ya tano (pale palipo "Msomaji Wetu"), na kwa orodha yake ya maneno 432. Mwandishi wake alikuwa Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell. Ndiyo, mtoto wa yule yule.

Kufikia wakati huo dawa nyingine ilishaanza kutumika: nywila zilizosimbwa zihamishiwe faili isiyosomwa na kila mtu. Kwenye Linux ni /etc/shadow, na kule nyuma inabaki x. Julie Haugh aliandika programu zake za shadow mwaka 1987, na useradd unayoitumia leo kwenye Linux nyingi inatoka katika mkoba huo huo.

Faili za zamani za BSD bado zipo, zikiwa na nywila zilizosimbwa za wakubwa hao. Ile ya Thompson ilivunjwa Oktoba 2019, baada ya kadi ya michoro kuhangaika zaidi ya siku nne. Ilikuwa p/q2-q4!, hatua ya kufungulia mchezo wa chesi.